Miwa juu, mpunga chini, unga dukani: kisa cha ekari tano Luuka

Kaya ya kisa hiki ina ekari tano wilayani Luuka, Busoga, mashariki mwa Uganda, kwenye mteremko mpole unaoishia katika kinamasi cha Lumbuye. Wanaokula chungu kimoja ni tisa: Hajji, mkewe Hajati, mtoto wao wa kwanza na mke wake, wajukuu watatu, na vijana wawili ambao bado hawajaoa. Kijana mwingine yuko Kampala anaendesha boda. Hajati alizaliwa kwenye kambi za wakata miwa Kakira, baba yake alikuja kutoka West Nile, na ndiyo sababu nyumbani humo Kiswahili kinasikika sawa na Kisoga. Kijiji sikitaji, na majina nimeyaweka pembeni.

Miwa ya Busoga ikijadiliwa, watu hugawanyika haraka. Wapo wanaosema imeleta njaa, wapo wanaosema imejenga nyumba za matofali na kusomesha watoto, na kila upande una mifano yake. Mimi naona swali lenye manufaa zaidi ni hili: chakula kilichokuwa kikilimwa pale ilipopandwa miwa kilikwenda wapi? Maana watu hawakuacha kula. Katika kaya hii jibu linaonekana wazi ukisimama uani. Sehemu ya chakula ilihamia dukani, na sehemu nyingine ilishuka kinamasini. Madhara ya miwa kwa mazingira, kwa hiyo, hayako yote kwenye shamba la miwa. Mengi yako chini kule, kwenye mpunga.

Shamba kabla ya miwa

Mpaka miaka ya 1990 shamba hilo lilifanana na mashamba mengi ya Busoga ya wakati huo. Nyumba ilizungukwa na migomba, chini ya migomba kulikuwa na kahawa ya robusta, na katikati yake mifenesi na mivule miwili ya urithi. Mbele ya hapo palilimwa kwa zamu: mahindi na maharage mvua za Machi zikianza, viazi vitamu kwenye msimu wa pili, na muhogo uliobaki ardhini mpaka utakapohitajika. Hakuna aliyekuwa akiuita utaratibu huo kilimo mseto. Majani ya migomba yalioza papo hapo, maganda ya matoke yalirudi shambani, na mbuzi walitoa samadi.

Ukipima mavuno ya zao moja moja kwa ekari, shamba la namna hiyo huonekana duni. Uzuri wake ulikuwa kwenye kalenda. Hapakuwa na mwezi ambao shamba zima halikuwa na kitu cha kutia mdomoni, na mwezi ambao mahindi bado mabichi na maharage yamekwisha, watoto walishinda chini ya mfenesi.

Lakini tusilipambe. Shamba hilo lilivunjwa na magonjwa kabla miwa haijafika. Batobato ya muhogo ilianza kuangamiza muhogo wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na ikaendelea katika muongo uliofuata. Mnyauko wa kahawa, ambao ni ugonjwa wa kuvu, ulionekana Bundibugyo mwaka 1993 ukasambaa katika maeneo ya robusta na kuua mamilioni ya miti. Halafu mwaka 2001 ukagunduliwa Mukono mnyauko wa bakteria wa migomba, ule unaofanya majani yawe manjano na matoke kuiva kabla ya wakati huku ndani yameoza. Hajji aling'oa mashina ya mwisho ya kahawa mwaka 2008 akayafanya kuni. Alipopanda miwa, alikuwa anajaza mahali palipokwisha kuwa patupu nusu.

Miwa yenyewe si ngeni Busoga. Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha Kakira mwaka 1930, na ukiacha miaka ya kudorora baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, sukari haikuondoka katika ukanda ule. Ila kwa muda mrefu miwa ilikaa karibu na Kakira. Kilichoisogeza hadi Luuka ni viwanda vipya vilivyofunguliwa Mayuge, Kaliro na Kamuli. Sera ya taifa ya sukari ya mwaka 2010 ilitaka kiwanda na kiwanda viachane kwa kilomita 25, na mabishano juu ya kilomita hizo yaliendelea hadi bungeni, wakati wa kutunga Sheria ya Sukari ya mwaka 2020. Wakulima wengi hawakuwa na shida na viwanda kukaribiana. Viwanda vikinyang'anyana miwa, bei hupanda.

Sababu za Hajji kuingia kwenye miwa mwaka 2011 zilikuwa za mtu mwenye akili timamu. Miwa haipatwi na mnyauko wa kahawa wala wa migomba. Ikishafunika ardhi, palizi imekwisha. Mwizi hawezi kuondoka na miwa ya maana usiku kama anavyoondoka na mkungu wa matoke. Gari linakuja kuchukua mzigo shambani. Na kikubwa kuliko vyote, fedha inakuja kwa mkupuo, na karo ya sekondari nayo inadaiwa kwa mkupuo. Alianza na ekari moja. Kufikia mwaka 2014 zilikuwa nne, na nyumba na migomba iliyobaki vilibanwa kwenye ekari ya tano. Mifenesi ya katikati ilikatwa kwa sababu miwa haipendi kivuli, na trekta halipendi visiki.

Hesabu ya ekari nne

Hesabu hii ni ya kaya hii tu. Isichukuliwe kuwa wastani wa Busoga. Ekari moja iliwapa tani 34 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko ni miezi 18 hivi tangu kupanda hadi kuvuna. Mwaka wa bei nzuri, shilingi 150,000 kwa tani, ekari iliingiza milioni 5.1. Trekta, mbegu, palizi, kukata, kupakia na kusafirisha vilikula milioni 1.9, ikabaki milioni 3.2. Bei iliposhuka hadi 100,000, ekari ile ile na tani zile zile ziliingiza milioni 3.4, na gharama hazikushuka hata shilingi. Ikabaki milioni 1.5. Bei imeshuka kwa theluthi moja, lakini kilichobaki mkononi kimeshuka kwa zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo hesabu ambayo wakulima wengi wa Busoga waliigundua mwaka 2019, pale bei iliyokuwa imepanda mwaka 2017 ilipoporomoka.

Sasa tuje kwenye chungu. Hajati anapika posho, ambayo msomaji wa pwani anaiita ugali, kilo 3.6 za unga kwa siku kwa watu tisa. Kwa mwezi ni kilo 108. Kwa shilingi 2,500 kilo ni 270,000 kwa mwezi, karibu milioni 4.9 kwa miezi 18. Ekari nne za miwa kwa ile bei mbaya ziliacha milioni 6 kwa miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo unga mtupu, bila maharage, mafuta, dawa wala karo, ulimeza sehemu tano kati ya sita za faida, kasoro kidogo.

Je, unga huo ungeweza kulimwa pale pale? Uganda ya mashariki ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, hivyo miezi 18 ya miwa ni misimu mitatu ya mahindi iliyopita. Kinu kinachotoa unga mweupe hurudisha karibu kilo 70 kwa kila kilo 100 za mahindi, kwa hiyo kaya ilihitaji tani 2.8 za punje. Ekari yao, mvua ikiwa ya kawaida, hutoa kilo 900 kwa msimu, na kwa misimu mitatu ni tani 2.7. Ekari moja tu, basi, ingetoa karibu unga wote ambao ekari nne zilikuwa zinahangaika kuununua.

Nilimwekea Hajji hesabu hiyo mezani. Aliisoma, akaniuliza: "Na mvua ikikatika Mei, kitabu chako kinasemaje?" Swali la haki. Viwavijeshi vilivyoingia Afrika mwaka 2016 vinajua njia ya shamba la mahindi. Dumuzi wako ghalani. Mahindi yakipandwa mfululizo bila kupishana na maharage, zile kilo 900 hushuka. Na siku ya mavuno, anayetaka kuuza ili alipe karo hukuta kila jirani naye anauza. Lakini hiyo ya mwisho inahusu mahindi ya kuuza. Unga wa kula haujali bei ya soko, na mtu anayenunua rejareja kila wiki kile alichoweza kulima analipa faida ya mwenye lori, ya mwenye kinu na ya mwenye duka.

Ninavyoisoma hesabu hii, ekari ya kwanza ya miwa ilikuwa uamuzi mzuri. Ilichukua ardhi iliyokwisha kupoteza kahawa na ikaleta karo. Ya pili inavumilika. Ya nne ndiyo iliyochukua mahali pa chakula, na ingawa iliingiza pesa sawa na ya kwanza, gharama yake ilikuwa kubwa zaidi, tena isiyoandikwa kwenye karatasi ya mizani.

Tena pesa yenyewe haifiki kwa wakati wa tumbo. Miwa ikikatwa inapaswa kusagwa ndani ya siku mbili tatu, la sivyo inapoteza sukari na uzito. Kwa hiyo mkulima hukata pale tu anapopata kibali cha kiwanda. Kibali kikichelewa, miwa inapita umri ikisimama shambani. Mwaka wa miwa kufurika, vibali huwa adimu na huzuka watu wa katikati wanaonunua miwa ya mwenye shida kwa bei ya kutupa. Kaya hii ilisubiri kibali miezi mitano. Katika miezi hiyo Hajati alikopa unga dukani, na deni lilipolipwa lilikuwa limezaa. Hata malipo yalipoingia kwenye akaunti ya Hajji, milango ya kutokea ilikuwa tayari: deni la duka, mkopo wa chama cha akiba, karo, bati. "Pesa ya miwa ni mgeni," Hajati aliniambia. "Inakuja na lori, inaondoka na boda."

Nasita hapa kuruka moja kwa moja hadi kwenye utapiamlo, ingawa wengi huruka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Busoga haikuwa mbali na wastani huo. Waliokuwa na hali mbaya kuliko wote ni wa Toro, magharibi mwa nchi, karibu asilimia 41, na Toro ni kapu la matoke. Kulima chakula kingi hakumaanishi mtoto analishwa vizuri. Yapo maji, magonjwa, kazi za mama, na aina ya chakula chenyewe. Kwa wajukuu wa Hajji kilichobadilika ni sahani. Zamani palikuwa na viazi, maharage, matoke, fenesi, samaki wa kinamasi mara kwa mara. Baada ya miwa ikawa posho na mboga, posho na chai, kwa sababu ukinunua kila kitu unaanza na kile kinachojaza tumbo kwa bei ndogo.

Kushuka Lumbuye

Mwaka 2013 mtoto wa kwanza alishuka kinamasini. Juu hakukuwa na mahali pa kulima kilicho chake. Baba yake alikuwa ameshapanda miwa hadi kwenye mpaka. Chini palikuwa na mafunjo na, kwa macho ya kijana, ardhi isiyo na mwenyewe. Kazi ya kwanza ni kukata mafunjo na kuyachoma kiangazi. Kisha mfereji unachimbwa katikati ili maji yapungue, na mifereji midogo ya kando, halafu vijaruba vinatengenezwa kwa udongo mweusi ambao jembe linazama bila kuguswa na jiwe. Wanawake wanapandikiza miche wakiwa wameinama ndani ya maji mpaka magotini. Mpunga ukianza kubeba, watoto wanaamkia kule kufukuza ndege, na hiyo ni miezi ambayo mwalimu anawakosa.

Misimu ya mwanzo ilikuwa ya ajabu. Nusu ekari ilitoa mpunga ambao ekari nzima ya juu isingeutoa, bila mbolea hata chembe, na sababu yake ni rahisi. Mafunjo huota, hufa na kulala ndani ya maji miaka nenda rudi, na kwa kuwa chini ya maji hakuna hewa ya kutosha, mabaki hayo huoza polepole mno na kujilimbikiza. Maji yakiondolewa hewa inaingia, akiba ya miaka mingi inaoza kwa haraka, virutubisho vinafunguka na mpunga unavila. Kaboni iliyokuwa imefungwa humo inapanda hewani. Na pale panapobaki na maji ya kutuama ndani ya vijaruba, vijidudu visivyohitaji hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Rutuba ile haikuwa inazalishwa kila mwaka. Ilikuwa inatumiwa tu, na hakuna aliyeijaza tena.

Kufikia msimu wa mvua wa mwaka 2018 mavuno yalikuwa yameshuka, udongo umedidimia, na vijaruba vya kandokando vinakauka mapema. Kijana akafanya kama jirani zake: akasogea ndani zaidi, akakata mafunjo mapya. Ndivyo kinamasi kinavyoliwa, ukanda kwa ukanda, na kila ukanda unaoachwa nyuma hubaki na magugu na mahindi dhaifu.

Juu nako mabadiliko yalifika, kwanza kwenye maji. Chemchemi iliyo chini ya mteremko, ambayo ukoo mzima ulichota miaka yote, sasa hukatika Januari na Februari. Mafunjo yalikuwa yanashikilia maji ya mvua na kuyaachia taratibu; mfereji unayapeleka mto Mpologoma kwa siku chache, na kutoka hapo yanakwenda ziwa Kyoga. Mizizi ile pia ilichuja udongo uliotoka mashambani. Kambare na kamongo, ambao vijana waliwatega bila gharama, wamepungua hadi kamongo mmoja anakuwa habari. Wanawake waliosuka mikeka ya mafunjo wanaifuata malighafi mbali. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichowahi kuingia kwenye hesabu ya faida ya mpunga, wala ya miwa.

Kinachonikera ni jinsi jambo hili linavyoandikwa. Uganda ilikuwa na vinamasi kwenye takriban asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 vilibaki karibu asilimia 9. Kwenye taarifa za aina hiyo, mharibifu wa mashariki ni mkulima wa mpunga. Ni kweli, jembe ni lake. Ila huyu wa Luuka alisukumwa kutoka juu. Miwa, ambayo haikugusa kinamasi hata kwa mguu, inatoka kwenye taarifa hiyo ikiwa safi.

Sheria haina utata. Serikali mpya ya mwaka 1986 ilisimamisha ukaushaji mkubwa wa vinamasi, na ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema serikali inavishikilia vinamasi kwa niaba ya wananchi. Septemba 2021 serikali ilitangaza kwamba kilimo cha mpunga ndani ya vinamasi kikome. Tangazo lilifika Lumbuye kwa njia ya maafisa waliowaambia vijana wavune na waondoke. Mtoto wa Hajji alivuna, akaondoka. Baadhi ya jirani zake waliondoka wakarudi. Hoja yao naijua kwa moyo: vinamasi vya Kampala, Nakivubo na Lubigi, vimejaa majengo, kwa nini mfereji wa jembe ndio uwe kosa la taifa? Kwa upande wa haki, wana hoja nzito. Kwa chemchemi ya ukoo wao, haisaidii kitu.

Yapo mashamba ya mpunga yenye mpangilio, kama Kibimba kule Bugiri na Doho kule Butaleja, ambako maji yanaingia na kutoka kwa milango na mifereji iliyopimwa. Ekari za namna hiyo huzaa mwaka baada ya mwaka, na eneo lililoharibiwa lina mpaka unaojulikana. Wanaosema dawa ni kujenga Doho nyingi wanasahau kwamba Doho inakunywa kutoka mto Manafwa, na Manafwa unatoka mlima Elgon, ambako miteremko ya Bududa imelimwa hadi kileleni na imekuwa ikiporomoka. Maporomoko ya Machi 2010 yaliua watu wengi sana. Tope la kule linaziba mifereji ya huku. Mkulima wa mpunga Butaleja anategemea jinsi asiyemjua anavyolima kahawa na vitunguu juu yake.

Kuhusu miwa yenyewe

Nimeona niiweke sawa. Ukiitazama kama mmea tu, miwa si adui mkubwa wa udongo. Ikishafunga inafunika ardhi kwa zaidi ya mwaka, matone ya mvua hayapigi udongo mtupu, na haichimbuliwi kila msimu kama mahindi. Baada ya kukatwa inachipua yenyewe mara kadhaa. Kwenye mteremko wa Hajji, shamba la mahindi yaliyopandwa kufuata mteremko lilipoteza udongo zaidi. Mabua yakisagwa hubaki makapi, na makapi hayo Kakira inayachoma kuzalisha umeme wa zaidi ya megawati 50. Siyo jambo dogo.

Madhara yako kwenye namna inavyolimwa. Zao moja juu ya zao lile lile kwenye vijiji vizima, mizunguko mingi bila samadi wala mbolea ya kutosha, majani yanayochomwa badala ya kuachwa yaoze, na mifenesi na mivule iliyoondolewa mpaka mnyama pekee anayenufaika ni panya na tumbili. Hao nao wana kazi yao: shamba la mahindi lililozungukwa na miwa pande tatu halifiki mavuno salama. Jirani wa Hajji ambaye hakutaka miwa aliishia kupanda miwa kwa sababu hiyo tu. Uhuru wa kuchagua zao, miwa ikishafika kiwango fulani kijijini, unabaki kwenye mdomo.

Walichobadilisha

Baada ya bei ya mwaka 2019 na ule ungojaji wa kibali, kaya ilikaa kikao. Hajji alitaka kusubiri bei irudi. Hajati, ambaye alikua akiona miwa tangu Kakira na haina cha kumshangaza, alisema hataki tena kukopa unga. Matokeo yake visiki vya ekari mbili za chini, zile zilizo karibu na nyumba, viling'olewa mwaka 2020. Mbili za juu zikabaki miwa.

Ekari moja sasa ni mahindi na maharage kwa kupokezana, yaliyopandwa kwa kukata mteremko na matuta ya majani ya matete kwenye mikingamo. Nyingine wameigawa: migomba mipya, viazi vitamu, na muhogo wa mbegu inayostahimili batobato. Migomba inahitaji adabu. Ua la dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapokamilika, ili wadudu wasiliguse, na panga linapitishwa kwenye moto kila likitoka kwenye shina moja kwenda jingine. Mkwe wa Hajati ndiye anayesimamia hilo, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kukata jani kwa panga lake mwenyewe. Viazi ni vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, mbegu ambazo zina deni kubwa kwa Mganda Robert Mwanga, mmoja wa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Wajukuu wanavipenda. Hajji anaviona laini mno.

Kwenye miwa wamefanya jambo dogo lililolipa kuliko nilivyotegemea. Walipopanda upya, walipanda maharage katikati ya mistari mara tu baada ya miwa kuota. Miwa hukaa miezi mitatu hivi kabla ya kufunga, na maharage ya muda mfupi yanavunwa ndani ya nafasi hiyo. Maharage yanasaidia nitrojeni kidogo, na palizi ya maharage ndiyo hiyo hiyo palizi ya miwa. Bwana shamba wa miwa hakupendezwa; kazi yake ni tani. Majani ya miwa hawachomi tena.

Mpunga wa nchi kavu ulikuwa jaribio la mtoto wa kwanza baada ya kutoka Lumbuye. Alipanda NERICA, mbegu zilizotokana na kuchanganya uzao wa mpunga wa Afrika na wa Asia, kazi iliyompatia Monty Jones wa Sierra Leone Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004. Zinaota bila kinamasi, ila zinataka mvua isiyoruka wiki. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili mvua ikaruka, na ndege wakamaliza kilichobaki kwa kuwa ni yeye pekee aliyekuwa na mpunga eneo lile. Ameacha. Sidhani kama mbegu ina kosa. Kupanda peke yako ndiko kulikomwangusha, na hapo ndipo vikundi vingefaa kuliko ushauri wa mtu mmoja mmoja.

Kwa sasa unga wa miezi tisa kati ya kumi na miwili unatoka shambani. Mapato ya miwa ni nusu ya yale ya zamani, na karo ya kijana mdogo imechelewa mara mbili. Hilo ni gharama, na Hajji halifichi. Viongozi wa Busoga wamekuwa wakitaka kila kaya ibakishe sehemu ya ardhi kwa chakula, kama machifu wa enzi za mkoloni walivyokuwa wakikagua maghala na mashamba ya muhogo. Naliunga mkono lengo. Amri siiamini, kwa sababu kaya hii ilifika hapo kwa hesabu yake yenyewe, na kwa sababu mwenye ekari moja hawezi kuamriwa kama mwenye ekari ishirini. Afadhali kiwanda kibanwe kutoa vibali kwa zamu inayojulikana na kulipa kwa tarehe, na mikopo ya pembejeo itolewe pia kwa maharage, si kwa miwa peke yake.

Lililobaki ni ardhi yenyewe. Vijana wanne kwa ekari tano ni ekari moja na robo kwa kila mmoja, na wa Kampala ameshasema fungu lake angelikodisha kwa mlima miwa kwa mizunguko miwili mfululizo, alipwe mara moja, anunue pikipiki ya pili. Hajji amekataa kugawa akiwa hai. Miwa ya machipukizi iliyoko kwenye ekari mbili za juu itakatwa mwakani, na Hajati anataka moja kati ya hizo iende kwenye muhogo. Hajji anasema atakubali iwapo kiwanda kitachelewesha malipo tena.